Mama Beringi na Mashine ya Mwanangu

Jumatatu, 4 Machi

Kwako daftari langu, salamu kwanza, mengine baadaye. Darasa la jioni tulifundishwa kuandika barua tu, na mimi nisipoanza na salamu mkono hauendi. Basi: Mzee hajambo, isipokuwa goti. Bibi, yaani mama yake Mzee, hajambo, anakula vizuri, ila masikio yamekwisha staafu. Kitinda mimba wangu, binti wa shule, hajambo, anakazana na mtihani wake. Nesi, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, hajambo lakini kanuna. Mwanangu wa kwanza, fundi, hajambo, kakonda kidogo. Mzee anasema hajakonda, ni macho yangu. Mimi mwenyewe sijambo. Mgonjwa humu ndani ni mmoja tu, mashine ya mwanangu.

Inalia!

Ni ile ya kuchonga chuma. Iko chumba cha uani, kilichokuwa stoo yangu ya mkaa na magunia. Ndefu kunizidi, ina kichwa juu, kisu kinazunguka chini ya kichwa, na meza ya chuma inayosogea huku na huku. Mwanangu anafunga kipande cha chuma mezani, kisu kinakitafuna polepole mpaka kinatoka gia yenye meno. Siku ilipoletwa ilibebwa na wanaume saba. Mzee akasema, mkwe gani huyu mzito hivi! Tangu siku hiyo jina lake ni Mkwe.

Na kama mkwe kweli. Mwanangu akiamka, kabla hajanywa chai, kwanza anamtilia Mkwe mafuta kwenye vikombe vyake vidogo. Ndio aje kunisalimia mimi.

Sasa wiki nzima inapiga kelele. Si ile ya kawaida ya kukata, hiyo tumeizoea. Hii ni wuuuu, wuuuu, inapanda inashuka. Nesi anafanya zamu za usiku, mchana ndio alale. Leo alitoka na mto wake mkononi, akaupiga piga pale uani kama anapiga mtu.

Kiwanda cha sabuni kimempa mwanangu kazi, gia kumi na mbili, mwisho Jumamosi ya tarehe 23. Kazi yake ya kwanza ya kiwandani. Akiharibu, hawamwiti tena. Ametoa gia moja tu na meno yake yana mikwaruzo. Aliitupa kwenye ndoo, akafunga chuma kingine.

Jumatano, 6 Machi

Mwanangu anaitafuta kelele. Leo alivua mkanda unaotoka kwenye mota kwenda kwenye kichwa, akawasha mota peke yake. Kimya, inanguruma vizuri tu. Kwa hiyo si mota. Akafunga mkanda mpya. Wuuuu! Kwa hiyo si mkanda. Yaani tatizo liko ndani ya kichwa.

Mzee kaketi kwenye kiti chake, eti, "Mama watoto, hata wewe kelele zako zinatoka kichwani, tumekuzoea." Nikamwambia chai ya leo ajipikie.

Nilimpelekea mwanangu chai pale pale. Nikamuuliza, sasa utafanyaje? Akasema bila kuinua uso: kesho anakuja Mama Beringi kuisikiliza.

Mama Beringi ndiye nani?

Mwenye duka la spea, mama, anauza beringi, pete za chuma za kuzungushia mashine. Anajua mashine kuliko mafundi wote wa barabara ile. Ndiye anayeniuzia mafuta.

Alivyosema "anajua" uso ulimng'aa. Sijaona uso ule tangu siku ile lori lilipomleta Mkwe.

Alhamisi, 7 Machi

Kaja. Hodi yake na kuingia kwake ni kitu kimoja. "Hodi hapa, mgonjwa yuko wapi?" Hata karibu sijatamka! Mwanamke wa rika langu, labda mimi mdogo kwa mwaka mmoja au miwili. Ovaroli ya bluu, viatu vya kiume, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Mwanangu alikimbia kumpokea begi. Alikimbia! Mimi nikitoka sokoni nimebeba huku na huku, napata "pole mama" kutoka chini ya meza.

Wakaingia. Nikawa na kazi ya ghafla ya kufagia mlango ule ule.

Akachukua bisibisi ndefu. Ncha akaigusisha kwenye kichwa cha mashine, mpini akauweka sikioni. Akafumba macho. Anahamisha ncha, juu, chini, kushoto, kama daktari na kifua cha mtoto. Kisha akasema, "Njoo mwanangu, sikia hapa."

Mwanangu.

Na huyu naye: "Naam mama."

Nilishika ufagio nikaona dunia imeinama. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyo siku niliyokuwa nalia wodini alikuwa wapi? Alikuwa anapanga beringi dukani!

Nikajikaza. Nikasema kutoka mlangoni: hiyo inalia zaidi asubuhi ikiwa baridi, ikishapata joto inapungua, ukiizima kwa chakula ukawasha tena inaanza upya. Mwanangu akasema, "Mama, ngoja kidogo." Ngoja kidogo! Siku kumi ukuta wa jiko langu unatetemeka, mimi ndiye ninayeijua sauti hii kama ninavyojua kikohozi cha kila mtoto wangu.

Yule mama ndiye aliyegeuka. "Hebu mwache mama aseme. Ikiwa baridi, eh? Hiyo ni habari kubwa."

Nimepewa ruhusa ya kusema ndani ya nyumba yangu! Nikaondoka na ufagio wangu.

Alipotoka alinisifia uani kwangu, eti pasafi. Nikasema asante. Roho yangu ilisema lingine.

Jumamosi, 9 Machi

Mwanangu kashinda dukani kwa Mama Beringi, wanapekua vitabu vya beringi, namba hizi na namba zile. Nilimwekea chakula nikakifunika kwa sahani. Kaja, kaosha mikono, kakaa, kasema:

"Nimeshiba, mama."

Sina zaidi leo.

Jumapili, 10 Machi

Nesi alikuja kuzungumza na sisi rasmi, kavaa viatu kabisa. Akasema, "Mama, mimi nawapenda. Bibi nampima presha bure. Lakini juzi nilimpa mgonjwa dawa nikasoma kibandiko mara tatu kwa usingizi. Ama mashine ama mimi." Siwezi kumlaumu. Bibi akauliza kelele gani? Tukacheka wote, hata Nesi, lakini baada ya kicheko jambo lilibaki pale pale mezani.

Mwanangu akasubiri Nesi atoke. Akasema, yeye ameshafikiria. Mama Beringi ana chumba nyuma ya duka. Sakafu ya zege, umeme wenye nguvu, hakuna anayelala. Kampa atumie. Kelele ikikosa dawa mpaka mwisho wa wiki ijayo, anahamisha mashine.

Mzee akasema ni wazo zuri. Mzee huyu!

Nikauliza, na wewe utalala wapi? Akajikuna kichwa. "Kuna kachumba ka pembeni, mama. Kazi ikiwa nyingi ningekuwa nalala huko huko."

Nimekaa jikoni nikifikiri na moto umezimika sijui. Angalia nilivyobanwa. Mashine ikipona, kaiponya yeye, na mwanangu atamwimba mwaka mzima. Isipopona, inahamia kwake na mwanangu juu. Huku yeye, huku yeye. Mimi niko wapi?

Mzee kaja kuniuliza kama nina homa. Nikamwambia ndiyo.

Jumanne, 12 Machi

Nitaandika taratibu.

Leo walifungua kichwa cha mashine, mwanangu na Mama Beringi. Nilipeleka chai vikombe viwili. Kimoja nilikitia sukari pungufu, Mungu anisamehe, sijui hata alikinywa nani. Nikabaki, nikijifanya nasubiri vikombe.

Walitoa vipande wakavipanga kwenye gazeti kimoja kimoja, ili visipotezane. Ndani ya kile kichwa kuna tambi, kama za taa, zinazonyonya mafuta kutoka vikombe vya juu na kuyapeleka kwenye beringi. Tambi zile zilikuwa ngumu! Zimeganda, rangi ya kahawia, zinanata kama utomvu. Beringi zenyewe zimekauka, moja ina alama kama imeng'atwa. Mwanangu akasema, hizi hazijapata mafuta miezi. Nimetia kila asubuhi na hayakufika!

Mama Beringi akachukua utambi mmoja. Akausugua kwa vidole. Akaunusa. Akaunusa tena. Halafu akageuka — wala si haraka — akaangalia mlango wa jiko langu, akaangalia kikaango changu kilichoning'inia, akaniangalia mimi.

Nikajua. Pale pale.

Ni mimi.

Mwezi wa kwanza mwanangu alisafiri siku kumi na mbili kufunga mashine za watu. Asubuhi ya kwanza nilipita pale nikaona vikombe vya Mkwe vimekauka. Nikasema, huyu kazoea kunywa kila asubuhi, mwenyewe kaondoka, atakaaje? Kopo la mafuta yake lilikuwa tupu. Nikachukua ya kupikia. Mafuta si ni mafuta tu! Nikatia siku zote kumi na mbili, na gurudumu la mkono nikalizungusha kidogo yashuke, kama mtu anavyompigapiga mtoto mgongoni acheue. Sikuipenda hata siku moja ile mashine, lakini nilitaka arudi aikute imetunzwa, aseme, lo, mama! Alirudi akatia yake juu yake, wala hakuona kitu. Nami nikasahau.

Yameganda humo ndani. Kama yanavyoganda kwenye kikaango usipokisugua. Naijua gundi hiyo, nimeisugua maisha yangu yote!

Mwanangu pua yake haisikii kitu, moshi wa chuma umeimaliza. Akasema, "Lakini mama, mimi natia mafuta ya dukani kwako tu, hayo hayo." Sauti ilikuwa na heshima lakini jicho halikuwa nayo.

Nikangoja Mama Beringi aniseme.

Mama Beringi akafuta vidole kwa tambara. Akasema, "Basi huenda kopo lile halikuwa zuri."

Akavaa miwani, akainama kwenye kazi.

Jumatano, 13 Machi

Mwanangu kachemka. Usiku kucha kayazungusha kichwani na asubuhi yakatoka. Eti, nilimwamini. Eti, ananiita mwanangu na ananiuzia mafuta yaliyooza. Eti, miezi mitatu namsifia kwa watu. Alipokuja yule mama saa nne na begi lake, alimpokea kwa maneno matatu: asante, nitamaliza mwenyewe. Hakukimbilia begi.

Nilimfuata mpaka getini. Sijui nilitaka kusema nini. Pale nje hapakuwa na mtu, ila kuku wa jirani.

Nikasema, dada, yale mafuta.

Akasema, "Nayajua. Hata aina naijua, mimi pia napikia hayo hayo." Akacheka kidogo kwa pua.

Nikamuuliza kwa nini hukusema?

Akaweka begi chini. "Mama mwenzangu, kijana akigombana na mwenye duka atapata duka jingine. Akigombana na mama yake ataenda kununua mwingine wapi? Mwache anune. Mabega yangu mapana."

Ningeomba anitukane! Angeniita mshamba, mjinga, mharibifu, ningemjibu, mdomo ninao. Sasa kanifanyia wema mkubwa hivyo mtu utaushika wapi? Amenizidi mashine, amenizidi maneno, na hata kumpenda mwanangu anataka kunizidi! Nilirudi ndani nikalia, halafu nikakasirika kwa sababu nalia, halafu nikakatakata vitunguu ili niwe na sababu.

Nitamwambia mwanangu. Kesho.

Jumamosi, 16 Machi

Sijamwambia.

Nitaandika ukweli kwa kuwa hakuna anayenisoma hapa. Siku tatu hizi nimefurahi. Mwanangu kala nyumbani asubuhi, mchana na jioni. Kajipakulia mara mbili. Ile habari ya chumba cha nyuma ya duka imekufa, hataki hata itajwe. Jana aliketi jikoni akanieleza beringi inavyofanya kazi, gololi ndani ya pete mbili, akachora kwa kidole kwenye unga nilioumwaga. Mimi! Kakaa nusu saa. Nikauliza maswali hata niliyokuwa najua jibu lake.

Na kila akisema "yule mama muongo," ndani yangu kuna kitu kinachekelea na kingine kinajificha chini ya kitanda.

Nilimjaribu Mzee kwa mbali. Nikasema, mtu akikosea, mwingine akachukua lawama, ikoje? Mzee akasema, nilipokuwa na lori, tingo wangu aliwahi kusema ni yeye aliyeligonga geti, kumbe ni mimi. "Ukamlipa nini?" Akasugua goti lake. "Mpaka leo nikimwona njiani nahamia upande wa pili."

Mwanangu kanunua beringi mpya duka la mbali, kwa mtu asiyemjua. Tambi mpya kaweka. Mafuta mapya. Kopo kaliandika kwa rangi nyekundu, YA MASHINE TU. Nilipoliona nikadhani kanijua. Hapana, ni mpangilio wake tu.

Jumatatu, 18 Machi

Imefungwa. Imewashwa.

Ile wuuuu imekwisha! Nesi alitokeza kichwa, akanyoosha kidole gumba, akarudi kulala. Mwanangu alinishika mabega akanizungusha uani kama mtoto. Nikacheka mpaka khanga ikanitoka.

Lakini baada ya muda, nikiwa naosha vyombo, nikasikia sauti nyingine. Si kilio kile. Ni mluzi. Mwembamba, wa juu, unakaza tu, unakaza, kama birika linalokaribia kuchemka. Nikaenda. Nikamwambia, mwanangu, inapiga mluzi.

Beringi mpya zina sauti, mama. Zitazoea.

Nikaweka kiganja kwenye shingo ya mashine, pale chini ya kichwa. Nikakitoa upesi. Moto! Kama pasi!

Akaizima. Baadaye alinieleza: kuna nati kubwa inayozibana beringi. Ukiilegeza, chuma kinacheza na gia inatoka mbaya. Ukiikaza mno, gololi zinasagana mpaka zinaungua. Kati ya hapo na hapo ni unywele mmoja, na hakuna kitabu kinachousema, ni mkono wa mtu na sikio lake. Unakaza huku unazungusha, unawasha nusu saa, unaweka kiganja. Ukiweza kuhesabu kumi bila kukitoa, umepata.

Nikamuuliza, nani alikufundisha hivyo?

Akarudi kwenye nati yake. Na mimi sikuhitaji jibu.

Jumanne, 19 Machi

Kakaza, kalegeza, kakaza. Mara ya kwanza gia ikatoka na mawimbi. Mara ya pili mluzi. Mara ya tatu nikahesabu nne tu kiganja kikaungua. Amefungua, pete moja imeanza kubadilika rangi, ya bluu kidogo. Akiiunguza hii hana nyingine, na yule wa duka la mbali alimuuzia za mwisho.

Gia nzuri mpaka sasa: tatu. Zinatakiwa kumi na mbili. Leo ni Jumanne.

Nilimwambia, mwite yule mama. Nilisema! Akaweka spana chini. "Ndiye aliyeniharibia, mama. Nikamwite aje kunicheka?"

Nikasema, mwanangu, yale mafuta —

"Usinitajie mafuta!"

Nikarudi jikoni. Ni mara ya tatu sasa najaribu kumwambia. Mara ya kwanza alikuwa anakula. Mara ya pili alikuwa anacheka na dada yake, nikasema mwache acheke. Sababu hazikosekani, zinajipanga foleni.

Kumbe wivu haujui kuhesabu. Nilidhani nikimwondoa yule, fungu lake linarudi kwangu. Mwanangu sasa ni wangu mwenyewe, asubuhi, mchana na jioni, na amekaa sakafuni kando ya Mkwe, kichwa kati ya magoti, nami siwezi kumsaidia kwa unywele mmoja.

Jumatano, 20 Machi

Asubuhi. Bibi kaamka vizuri. Mzee goti limevimba. Kitinda mimba kaenda shule. Mwanangu hajanywa chai, yuko uani na nati yake. Nimesimama mlangoni nikaangalia mgongo wake. Shati limeloa. Nikasema jina lake la utotoni, akageuka, akasema, "Nini, mama?" kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionifunga mdomo. Nikasema, chai inapoa.

Kumwambia peke yangu nimeshindwa. Mbele ya yule mama sitaweza kukwepa, maana yeye anajua, nami nitaona aibu zaidi kunyamaza kuliko kusema. Kwa hiyo namwita. Naandika hapa kwanza, nikisha kusahihisha nanakili kwenye karatasi. Nesi katoka zamu sasa hivi, atapita pale dukani akienda kuchukua mkate, ataipeleka.

Kwako Mama Beringi,

Salamu. Hapa nyumbani Mzee anakusalimu, Bibi anakusalimu ingawa hakukusikia ulipokuja, binti yangu anakusalimu. Nesi ndiye aliyekuletea hii, usimcheleweshe, hajalala. Mwanangu hakusalimu kwa sababu hajui nakuandikia.

Beringi zinaungua. Tumefika kuhesabu nne tu. Pete moja imekuwa ya bluu. Anakaza kwa hasira, na hasira yenyewe anaielekeza kwako, kumbe ni yangu. Nakuomba uje na sikio lako. Ukifika usiseme kitu kuhusu mafuta. Nitasema mimi, ukiwa umesimama pale pale, na akitaka kunikasirikia anikasirikie mimi mwenye kosa. Sitaki mabega yako tena. Nakushukuru nayo, lakini sitaki.

Na lingine nikuambie ukweli. Sikupendi bado. Ukimwita mwanangu mbele yangu moyo wangu unaruka kama mafuta yaliyoingia maji. Labda nitazoea, sikuahidi. Ila ukimwambia kaza anajua kukaza, ukimwambia legeza anajua kulegeza, na mimi hilo sina, wala siwezi kulipata mpaka Jumamosi. Njoo.

Kama utakuja, mwambie Nesi "ndiyo" tu, inatosha. Kama hutakuja pia niambie, nisikae getini. Nijibu upesi, dada, upesi sana, kabla hajaiwasha mashine —

Kaiwasha. Naisikia.

Mluzi umeanza.